Usiagize dawa nje ya Orodha kwa neno la daktari (jibu kwa mfamasia mpya wa Newala)

Usiagize! Mdogo wangu, umeandika kwamba daktari wa wodi anataka umletee dawa ya presha ya kampuni fulani, haimo kwenye Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na mwenzako wa dirishani anakwambia "orodha ni makaratasi ya Dodoma." Maneno hayohayo niliambiwa na bosi wangu nilipoanza kazi mkoani Lindi.

Nikanunua. Antibayotiki ya sindano, bei kali, fedha za uchangiaji wanazolipa wagonjwa, kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa, wakati mshitiri yupo kwa ajili ya kile ambacho Bohari ya Dawa ya serikali imekosa. Daktari akahamishwa. Aliyekuja hakuitaka. Bima ikakataa madai. Kwenye leja, safu ya zilizotolewa ikawa sifuri ukurasa mzima, mpaka muda wa dawa ukaisha nikaanza kuhangaikia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) cha kuziteketeza, na kuteketeza nako kunalipiwa.

Masika hayo barabara ikakatika, amoksilini za watoto za kuyeyusha zikaisha, na fungu la kununulia limekauka. Akaja mama kapakata mtoto anahema mbavu zinaingia ndani. Namwandikia karatasi akanunue nje, ananiuliza, "Hospitali nzima hamna?" Nyuma yangu rafu imejaa maboksi ya sindano zile.

Ndiyo maana nachomeka nikisikia mtu aliyesomea famasia anaita orodha makaratasi. Dawa huingia humo kwa kupimwa magonjwa tuliyonayo, ushahidi, usalama na gharama. WHO walitoa ya kwanza mwaka 1977, na yetu ya 2021 imekwenda sambamba na mwongozo wa matibabu ambao huyo daktari wako anatakiwa kuufuata. Na bosi yule aliyenishauri hakuweka sahihi popote. Mkaguzi alipofika, jina kwenye oda lilikuwa langu peke yangu.

Kwa hiyo: dawa haimo kwenye orodha, hakuna muhtasari uliosainiwa wa kikao cha Kamati ya Dawa na Tiba, ile ya hospitali inayopitisha dawa, basi hakuna oda. Basi. Daktari aje aeleze mbele ya wenzake ni wagonjwa wangapi, amlodipini, dawa ya presha iliyopo, imeshindwa wapi, na dawa gani ipunguzwe ili yake inunuliwe. Akinuna, anune.

Kikao chenu ni lini? Mwone katibu wa kamati kesho aiweke kwenye ajenda, na oda usiiguse mpaka wakae.