Laptop inachemka? Anza na vumbi kabla ya bodi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Laptop yangu ina miaka minne. Upande wa kushoto inapata moto hadi siwezi kuipakata, feni inavuma muda wote, na nikicheza video dakika chache inajizima. Nimenunua ile feni ya kuwekea chini na nimepakua programu ya kupooza prosesa, lakini wapi. Fundi wa mtaani anasema nibadilishe bodi, ile saketi kuu ya ndani. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Bodi iache kwanza. Prosesa, yaani chipu kuu ya mashine, nyingi za laptop zina ukomo wa karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Ikikaribia hapo inapunguza kasi, na joto likizidi mashine inajizima ili isiungue. Yako inajilinda.

Sasa hizi feni za chini! Karibu kila anayeniletea laptop inayochemka anayo moja kwenye begi. Joto la prosesa linapita kwenye pesti (ule uji mzito unaopakwa juu yake ili kupitisha joto), linaingia bomba la shaba, linafika kwenye mapezi, yaani vibati vyembamba vya pembeni, na feni ya ndani ndiyo inayolipuliza nje. Mapezi yakizibwa, hata ukiiweka juu ya barafu utapoza plastiki tu. Na hiyo programu ifute. Feni yenyewe haijazidiwa kwa kukosa amri, imezibiwa njia.

Mashine ya umri huo ukiifungua, kati ya feni na mapezi unakuta vumbi limeshikana na nyuzi za shuka (ndiyo, mnazitumia kitandani). Kupuliza blowa kwa nje hakutoshi, mara nyingine kunalishindilia zaidi. Ifunguliwe, feni itolewe, uchafu uondolewe, pesti iliyokauka ifutwe kwa spiriti na ipakwe mpya, kiasi cha punje ya mchele. Kazi ya saa moja hivi.

Ila angalia nani anaifungua. Wapo wanaopaka dawa ya meno. Ile ina maji, ikipigwa joto inakauka na unarudi pale pale. Wabaya zaidi ni wanaotupa vile vipande vya mpira laini vilivyo juu ya chipu za memori, kisha wanajaza pesti mahali pake. Vile vina unene wake, vinaziba nafasi kati ya chipu na shaba. Pesti haiwezi kuijaza nafasi hiyo. Mteja anaondoka anashukuru, chipu zinaungua taratibu, na hapo sasa bodi inakufa kweli. Mtu anayekutajia bodi kabla hajashika bisibisi, chukua mashine yako uondoke. Anayeifungua, kaa hapo hapo akuonyeshe alichotoa.

Jambo jingine, na hili si la kusubiri nafasi: ukiona ile sehemu ya kuendeshea mshale kwa kidole (touchpad) imenyanyuka au kifuniko cha chini hakikai sawa, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa ili "itoe gesi" kama wanavyofanya wengine. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto. Itolewe na anayejua, uweke nyingine.