Maswali na majibu: Pesa ya wakili

Mwanangu anasoma sheria Makumira. Akimaliza atalipwa shilingi ngapi? (Mama, Machame)

Shikamoo mama. Shahada peke yake haimfanyi wakili: bado kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, Dar es Salaam, kisha kuapishwa. Akiajiriwa serikalini atafuata ngazi za mishahara ya utumishi. Benki au kampuni ya utalii ni mapatano. Akifungua ofisi yake, hana mshahara. Miaka ya mwanzo wengi huishi kwa kugonga mihuri kwenye viapo na kuandika mikataba ya pikipiki.

Nina kesi ya kiwanja Njiro. Wakili mmoja kataja bei mara tatu ya mwenzake. Nani ananipiga? (Msomaji, Arusha)

Huenda hakuna. Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 ina viwango, lakini inaruhusu mapatano ya maandishi. Bei hupandishwa na thamani ya kiwanja, wingi wa nyaraka, uzoefu wa wakili, na shauri liko wapi: Baraza la Ardhi na Nyumba au Mahakama Kuu. Muulize kila mmoja: rufaa imo? VAT ya asilimia 18 imo? Ada za mahakama na nauli ya mashahidi je? Mara nyingi yule "wa bei poa" ameviacha nje vyote hivyo. Na hiyo pesa haiingii mfukoni yote. Inalipa pango, karani, leseni ya kila mwaka na ada ya Chama cha Mawakili. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) hata hivyo.

Mahakama za kimataifa ziko kwetu. Si mawakili wa Arusha wanaogelea pesa? (Kijana, Sakina)

Majengo yako hapa, noti haziko hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipokea maombi mengi ya Watanzania, mengi ya wafungwa wasio na senti, na 2019 Serikali ikajitoa kwenye tamko lililowaruhusu kwenda moja kwa moja. Wakili wa hapa anakula ardhi, utalii na madeni. Wa Moshi, mirathi na vihamba (mashamba ya ukoo), ambako ndugu wanachangishana na ada huja kidogo kidogo.

Nimeshinda kesi, na mahakama imeamuru nilipwe gharama. Nitarudishiwa zote? (Baba, Moshi)

Hapana mzee. Afisa wa mahakama anayekadiria gharama hufuata viwango na risiti, si ulichopatana na wakili wako. Peleka hati ya gharama (orodha ya unachodai) ndani ya siku 60 tangu amri itolewe.