Jibu: Parvez Elahi alikuwa na kura 186, mbona alitangazwa kashindwa?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje Elahi akose uwaziri kiongozi wa Punjab, jimbo la Pakistan, Julai 2022 wakati mpinzani wake Hamza Shehbaz alipata 179 tu. Kilichomkwamisha ni barua. Naibu Spika wa bunge la jimbo alifuta kura 10 ambazo Elahi alipewa na PML-Q, chama chake, kwa kuwa kiongozi wa chama, Chaudhry Shujaat Hussain, aliagiza kwa barua apigiwe Hamza. Kosa liko hapo: kwa ibara ya 63A ya Katiba, maelekezo ya kura hutolewa na wabunge wa chama kwa pamoja, si kiongozi aliye nje ya bunge. Tarehe 26 Julai Mahakama ya Juu ikabatilisha uamuzi huo, Elahi akaapishwa.

Januari 2023 alishauri bunge la Punjab livunjwe. Gavana hakusaini; saa 48 zikapita, likavunjika lenyewe. Kwangu mimi, muhula wake wa awali, wa 2002 hadi 2007, ulikuwa na uzito zaidi: ndio ulioanzisha huduma ya dharura ya Rescue 1122.