Kufundisha bendera ya taifa: kwa mwalimu mpya wa Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu anayeanza kazi hujikuta akilimaliza somo la bendera kwa dakika kumi: kijani ni ardhi na uoto, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji, semeni tena. Watoto wanakariri na mtihani wanaupita. Lakini waulize wiki inayofuata bluu ilitoka wapi, na darasa zima litanyamaza. Tunakushauri utenge vipindi viwili, uanze na historia, na maana ya rangi ije baadaye. Mtoto aliyeona jinsi bendera mbili zilivyozaa moja hahitaji kukaririshwa.

Kabla ya kipindi cha kwanza kata vipande vya manila (karatasi ngumu) vya bendera mbili. Ya Tanganyika, iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, ina mistari ya kulala: kijani, nyeusi, kijani, na kati yake mistari miembamba ya njano. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru wa Tanganyika. Ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ina bluu juu, nyeusi katikati, kijani chini, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Bandika zote mbili ubaoni, kisha uliza maswali mawili tu. Rangi zipi ziko kwenye zote? Rangi ipi imeletwa na upande mmoja peke yake? Wape muda. Wataona wenyewe kwamba kijani na nyeusi ni za pamoja, njano imetoka Tanganyika, bluu imetoka Zanzibar. Hapo ndipo ufunue bendera ya sasa. Usiifunue mapema, maana wakishalijua jibu hawatafuti tena.

Tarehe zinazochanganywa sana ni hizi. Muungano ni 26 Aprili 1964, bendera ya sasa ni 30 Juni 1964, na jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Kwa hiyo bendera tunayoipandisha leo haikupandishwa mwaka 1961, ingawa watoto wengi, na watu wazima pia, huamini hivyo. Kosa hili hutokana na kufundisha Uhuru na Muungano kwa pumzi moja. Chora mstari wa wakati ubaoni na uuache hapo hadi kipindi cha pili.

Ukiwa Iringa una bahati ya kurudi nyuma zaidi. Lugalo mwaka 1891, Wahehe walipowashinda Wajerumani, na Kalenga mwaka 1894, ngome yao ilipotekwa, ni majina ambayo mtoto wa Kihehe ameyasikia nyumbani. Muulize: baada ya Kalenga kuanguka, bendera iliyopepea hapa ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Wajerumani, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Baadaye Waingereza wakaleta nyekundu yenye bendera yao kwenye kona na kichwa cha twiga. Bendera zote hizo zilichaguliwa na wageni. Jambo hilo likimwingia mtoto, ataelewa kwa nini watu walilia usiku ule wa mwaka 1961.

Kwenye maana ya rangi tumia vitu vya huku. Njano: dhahabu ya Chunya, makaa ya mawe ya Kiwira, chuma cha Liganga. Lazima atatokea mwanafunzi wa kutaja Kimondo cha Mbozi. Msifu, kisha eleza kwamba kile ni chuma kilichoanguka kutoka angani, na rangi ya njano inazungumzia utajiri ulio ndani ya ardhi yetu. Kijani: chai na migomba ya Rungwe, misitu ya Sao Hill, maua na nyasi za Kitulo.

Bluu ndiyo ngumu kwa watoto wa milimani ambao hawajaiona bahari. Wa Kyela ana Ziwa Nyasa, ameshamaliza. Kwa wengine fuata maji kwenye ramani: mito ya Usangu inaingia Ruaha Mkuu, Ruaha inapita Mtera na Kidatu, inaungana na Rufiji, na Rufiji inamwaga Bahari ya Hindi, ileile inayoizunguka Zanzibar. Acha mtoto apitishe kidole mwenyewe.

Nyeusi ni wananchi, wote. Lisemee hilo waziwazi, hasa kama darasani yupo mtoto mwenye ualbino au mwenye asili ya nje. Asipolisikia kwako atabaki na swali moyoni, na wenzake watamjibu vibaya.

Pia tenganisha mapema bendera ya taifa na bendera za vyama. Za vyama ndizo anazoziona kila siku njiani, na mdogo huzichanganya.

Kipindi cha pili ni cha kuchora, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chora mstatili wa sm 18 kwa sm 12, maana uwiano wa bendera ni 3 kwa 2. Unaenea kwenye A4, na ulalo wake, kama sm 21.6, unafikiwa na rula ya sm 30. Kwanza chora mlingoti upande wa kushoto. Kwenye kona ya chini kushoto, pima kwenda juu sm 1.9 na sm 2.9, uweke nukta. Kisha kwenda kulia sm 2.9 na sm 4.3. Kwenye kona ya juu kulia, pima kwenda chini sm 1.9 na 2.9, kisha kwenda kushoto sm 2.9 na 4.3. Unganisha 1.9 ya ukingo wa kushoto na 2.9 ya ukingo wa juu, halafu 2.9 ya kushoto na 4.3 ya juu. Upande wa chini, 2.9 ya ukingo wa chini inakwenda kwenye 1.9 ya kulia, na 4.3 kwenye 2.9. Utapata ukanda mweusi wenye upana wa takriban sm 3.2 na njano mbili za sm 0.8. Wanaotumia kipimo kimoja kwenye kingo zote hupata njano nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kwa sababu mstatili si mraba. Wapake njano kwanza, kijani na bluu zifuate, nyeusi mwisho, la sivyo mkono utaisambaza kwenye njano.

Watabishana kuhusu upande ambao mshazari, yaani ukanda mweusi wenye njano pembeni, unaelekea, na wote wanaweza kuwa sahihi. Aliyesimama upande wa pili wa mlingoti huona bendera imegeuka. Kwa hiyo usifundishe kwa kushoto na kulia, fundisha kwa mlingoti: nyeusi inaanzia chini kwenye mlingoti na kupanda kuelekea ncha inayopepea, kijani kiko juu, kimeegemea mlingoti, bluu iko chini, mbali nao. Kanuni hiyohiyo mpe fundi anayechora ukuta wa shule, kabla hajafungua kopo la rangi.

Skauti wanaopandisha waangalie kijani kimefungwa kwenye kamba ya juu kabla ya kuvuta, kwa kuwa ikigeuzwa bluu hukaa juu. Siku za msiba wa taifa bendera hupandishwa hadi juu kabisa, kisha hushushwa nusu mlingoti. Jioni hupandishwa tena juu kabla ya kushushwa. Kamba ikague kila mwezi pale inapopita kwenye kapi, hasa Makambako na sehemu nyingine zenye upepo mkali. Tukuyu na Makete, ambako mvua na ukungu hukaa siku nyingi, usiikunje ikiwa mbichi. Itandaze ndani ya ofisi ikauke, kwani ukungu wa kitambaa huanzia kwenye mikunjo, na madoa yake hayatoki. Ikichanika ncha, ishone mapema; ikipauka hadi kijani na bluu hazitofautiani, mwombe mwalimu mkuu nyingine.