Andaskoo haizuii mtu

SWALI: Sasa mhariri, natengeneza websaiti ya kuuza samaki wa hapa Dunga, mteja anachagua mbuta ama ngege, anaweka kwa kikapu, analipa na M-Pesa. Kwa klasi ya Kikapu (ile sehemu ya programu inayoeleza kikapu na vitu vyake) niliandika _jumla juu jamaa mmoja aliniambia jina likianza na andaskoo, yaani hiyo alama _, hiyo ni ya ndani, haiguswi. Jana kijana tunafanya naye kazi akafungua konsoli ya brauza, pale mahali pa kuandikia programu amri, akaandika kikapu._jumla = 10 na ikakubali bila kulalamika! Nimedanganywa ama?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, uliambiwa nusu. Kwa JavaScript, hiyo lugha ya programu inayokimbia kwa brauza, andaskoo ni mapatano tu ya waandishi wa programu, ni kama kile kiti wenye maduka huweka mlangoni wakitoka kidogo, kila mtu anaelewa lakini mwenye nia anakiruka tu.

Ukitaka kufunga kweli tumia alama ya reli, yaani #jumla, iliingia kwa kanuni rasmi za lugha mwaka wa 2022. Itangaze ndani ya klasi, halafu msimbo wowote wa nje ukiigusa programu inakataa hata kabla ya kuanza kukimbia. TypeScript nayo, lugha inayotafsiriwa kuwa JavaScript, ina neno private lakini linakaguliwa tu wakati wa kutafsiri, baadaye linapotea. Wale wa Python, lugha nyingine ya programu, wakiandika __jumla jina linageuzwa kuwa _Kikapu__jumla, na hiyo ni ya kuzuia klasi zinazorithiana zisigongane majina, sio ya kuficha siri.

Lakini wacha nikuambie, hata #jumla haitamzuia huyo kijana wenu, juu konsoli ya Chrome inaruhusu kuziona hizo za ndani ili watu watafute makosa. Hizi alama zinakukinga wewe na wenzako msiharibiane kazi, pesa hazilindi hata kidogo. Kitu chochote kiko kwa brauza ni cha mteja, atakibadilisha akitaka.

Kwa hivyo brauza itume aina ya samaki na kilo peke yake, bei itoke kwa hifadhidata yako, seva, yaani kompyuta yako inayoendesha websaiti, ipige hesabu, na ile STK, ombi la M-Pesa la kulipa linalomfikia mteja kwa simu, ibebe jumla ya seva. Na hizo kilo pia zikague, mtu akituma ngege kilo 2 na mbuta kilo -1 jumla itashuka na wewe utakuwa unashangaa tu, chochote kisichozidi sifuri seva ikikatae.