Kabla hujaiamini sauti ya Farao

Miaka michache iliyopita niliwatumia ndugu zangu kwenye kundi letu la WhatsApp sauti yangu nikighani mistari ya Kimisri cha kale. Niliiga kutoka video moja, nikaongeza mwangwi kwa programu ya simu, maana Mafarao wote wa intaneti wana besi na wanaishi pangoni. Shangazi akauliza kama naumwa. Binamu yangu, anayesoma historia, akaandika swali moja tu: "Hizo e umezijuaje?"

Sikuwa na jibu, na kulitafuta ndiko kulikonifikisha kwenye ushauri huu. Ukikutana na mtu anayedai kukusikilizisha lugha iliyokufa, muulize swali lile la binamu: umejuaje? Mwenye jibu atafurahi kuulizwa.

Zile e zangu hazikuwa za Wamisri. Maandishi yao ya picha yalihifadhi konsonanti, irabu wakaziacha kwa msomaji ambaye tayari anaijua lugha. Neno lenye maana ya "zuri" liliandikwa n-f-r. Walimu wa leo, ili wapate kulitamka darasani, wamechomeka e: nefer. Ni utaratibu wa darasani tu. Ukitaka kuikaribia irabu yenyewe, nenda kwa Wakopti, Wakristo wa asili wa Misri. Lugha yao ni Kimisri kilekile kikiwa mzee, kimeandikwa kwa herufi za Kigiriki zenye irabu, na bado inasomwa kwenye ibada za kanisa lao. Kwao "zuri" ni nufe. Champollion, Mfaransa aliyeyafumbua maandishi ya picha mwaka 1822, alikuwa amekisoma Kikopti kwa bidii kabla ya hapo.

Shahidi mwingine ni jirani. Mwaka 1887 vilipatikana Amarna, nchini Misri, vibao vya udongo vyenye barua ambazo wafalme wa Babeli na kwingineko walimwandikia Farao katika karne ya 14 kabla ya Kristo. Hati yao ilionyesha irabu. Jina la kifalme la Amenhotep wa Tatu, ambalo vitabuni utalisoma Nebmaatre, karani mgeni aliliandika kama alivyolisikia: Nibmuareya. Ile "maat" tunayoitamka kwa kujiamini ilikuwa karibu na "mua". Niliposoma hilo nilirudi kwenye kundi kuifuta sauti yangu. Muda wa kufuta ulikuwa umepita.

Shahidi ninayempenda kuliko wote, lakini, ni mwanafunzi anayekosea. Kuna orodha ya Kilatini iitwayo Appendix Probi, yenye masahihisho 227 ya namna ya "sema speculum, si speclum". Mwalimu hakatazi kosa ambalo hakuna anayelifanya. Kwa hiyo tunajua watu walisema speclum, na Waitalia wa leo, wanaokiita kioo specchio, ni watoto wa waliokosea. Hata sisi tunawaachia wajao ushahidi wa aina hiyo kila tukiandika "apa" na "uyo" kwenye ujumbe wa simu. Mtafiti wa miaka elfu mbili ijayo atajua h yetu ilianza kulegea lini, na atatushukuru kwa uvivu wetu.

Wanyama nao hutoa ushahidi. Mshairi wa vichekesho wa Ugiriki ya kale, Cratinus, aliandika mlio wa kondoo kwa herufi ambazo Mgiriki wa leo angezisoma "vi vi". Kondoo hajabadilisha lugha. Ni Wagiriki waliohama kutoka "bee".

Sasa, kama unataka kuifanya kazi hii kwa mikono yako mwenyewe, usianzie Misri. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima huko. Anzia mdomoni mwako. Lugha mama ya lugha zetu za Kibantu ilisemwa miaka elfu kadhaa iliyopita, upande wa mpaka wa Kameruni na Nijeria. Haikuandikwa hata neno moja, lakini vipande vyake unavitamka kila siku.

Chukua "zaa". Ukiifanya itendewe kwa ajili ya mtu, unapata "zalia". Hiyo l imetoka wapi? Fanya hivyo kwa kaa, kalia, nunua, nunulia, chukua, chukulia. Haikuja, ilikuwepo, na sisi ndio tulioiangusha mwishoni mwa neno ikabaki imejificha katikati. Halafu waulize majirani: Mzulu anasema zala, Mganda zaala, Mnyarwanda byara. L au r iko palepale ilipotakiwa kuwa. Mtafiti huliandika neno la namna hii lililofufuliwa akiliwekea nyota mbele, kuonyesha kwamba hakuna aliyelisikia wala kulisoma popote. Video za Farao zingefaidika sana na nyota hiyo.

Lililonikosesha usingizi ni "pika". Anayepika ni mpishi. Ukimpikia mtu, unampikia, wala humpishii. K ile ile, ikifuatwa na i ile ile, mara moja inageuka sh na mara nyingine inatulia. Linda ni vivyo hivyo: mlinzi, lakini lindia. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa lugha tu.

Nilikuwa naishi Nairobi, na jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kikuyu kutoka Murang'a. Jioni moja nikamgongea. "Mama, mpishi kwa Kikuyu mnasemaje?"

"Mũrugi."

"Na kumpikia mtu?"

"Kũrugĩra. Kwani una njaa?"

Nilimwomba aniandikie. Ile i ya mũrugi haina alama, ile ya kũrugĩra inayo. Ni irabu mbili tofauti. Kikuyu kina irabu saba, na ile ĩ kwa sikio langu la Tanga inaelekea e. Ndiyo maana nikimsikia akitaja kabila lake nasikia kama "Gekoyo". Lugha mama nayo inaaminika ilikuwa na saba. Sisi Waswahili tumebaki na tano, i mbili zimeungana, lakini kabla hazijaungana ile iliyobana zaidi, ile ya mpishi na mũrugi, ilikuwa imekwisha kuivuruga konsonanti iliyo mbele yake. Sh ya mpishi ni jeraha lililoachwa na irabu iliyotoweka.

Nilikaa kwenye ngazi nikirudia mũrugi, kũrugĩra, mũrugi, kũrugĩra, hadi mama akaniletea sahani ya githeri, nadhani ili ninyamaze.

Kama bibi yako ni Msukuma au Mnyamwezi, huna haja ya kwenda Murang'a, irabu saba anazo. Nenda na simu, iweke juu ya meza na uache kuishika. Usimuulize kanuni, hatazijua, na akizijua atakupa za shuleni. Muulize mambo ya jikoni na shambani: anayelima anaitwaje, kumlimia mtu ni vipi. Mwambie arudie bila kukusaidia, kwa sababu bibi akiona hushiki huanza kutamka polepole kwa wema, na hapo sauti uliyoifuata imeshaondoka. Rekodi pia anapomgombeza mtoto. Ukirudi nyumbani, andika ulichosikia hata kama hakifanani na kilicho kitabuni, na usiongeze mwangwi.