Ihamishe hadithi, mandhari itajieleza yenyewe

"Mwandishi ametumia mandhari ya mjini na kijijini." Mwalimu yeyote wa fasihi aliyewahi kusahihisha karatasi za kidato cha nne ameikuta sentensi hii mpaka ameizoea. Si ya uongo, ila haina kitu ndani. Mwanafunzi anaitaja mandhari, yaani mahali na wakati hadithi inapotokea, kwa sababu amekariri kwamba ni kipengele cha fani, yaani umbo la kazi ya fasihi, akishaitaja anakimbilia matumizi ya lugha.

Nimefundisha Kiswahili Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ninaamini hivi: fasili ya mandhari haimsaidii mtoto. Kinachomsaidia ni kuihamisha hadithi mahali pengine, aone mgogoro unavyokufa mikononi mwake.

Anza na ngano wanayoijua, ile ya sungura na kisima. Ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, sungura anakataa kushika jembe, kisha anakuja kuiba maji mpaka kobe anamnasa kwa ulimbo aliopakwa mgongoni. Isimulie, usiisome. Darasa zima liitikie "Hadithi njoo!" kama inavyopaswa. Kisha yape makundi kazi moja tu: isimulieni upya, lakini iwe Pemba, mwezi wa Aprili, masika imekolea.

Mwanzoni ni vicheko vitupu. Halafu kundi moja linanyamaza. Maji yamejaa kila mahali, nani atajisumbua kuchimba kisima? Na sungura ataiba nini? Mwingine anakumbuka kwamba Pemba hakuna simba, sasa nani ataitisha mkutano? Hapo mwalimu vumilia, usiwape jibu. Darasani kwangu kundi moja lilikuja na wazo la kuni kavu: mvua haikatiki, wanyama wamerundika kuni pangoni, sungura hakwenda kuokota hata kijiti, usiku anachomoa mbili tatu. Walipofika kwenye ulimbo, binti mmoja akapinga: kobe akinyeshewa mgongoni, ulimbo utashika kweli? Wakabishana pale mpaka kengele ikalia. Siku iliyofuata walirudi na mwisho wao wenyewe. Sungura alikamatwa kwa moshi, kwa kuwa katika kijiji kizima ni nyumba yake peke yake iliyokuwa ikifuka.

Angalia walichokifanya watoto hawa. Wamebadilisha mahali na majira, wakalazimika kubadili mgogoro, wahusika na msuko wa matukio, na sababu ya kila badiliko wanaijua. Sikuandika fasili hata moja ubaoni.

Wakati nao ni mandhari, na wanafunzi wengi huusahau. Kwa hili natumia sukari. Mama anatafuta kilo mbili za sukari kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Leo anamtuma mtoto dukani, hadithi imeisha. Ipeleke mwaka 1983, wakati bidhaa zimeadimika nchini na Serikali imeanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, yaani wanaoficha na kulangua bidhaa, uone inavyonenepa: foleni tangu alfajiri, minong'ono ya nani anazo, jirani wa kuaminiwa na wa kuogopwa, mfuko unaofichwa chini ya kitanda. Kabla ya kuandika, watume wakawaulize babu na bibi zao. Wanarudi na vitu ambavyo hakuna kitabu cha kiada kitakachowapa. Mmoja alileta habari ya bibi yake kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na jambo hilo likaingia kwenye hadithi moja kwa moja, shuka la bibi harusi likiwa limeanikwa uani.

Kuna zoezi jingine dogo la dakika kumi. Toka nao nje, wafumbe macho, wasikilize, wanuse, kisha waandike aya moja wakiwa wamekatazwa maneno "pazuri", "kuvutia" na "mandhari". Usipoyakataza, utapata maua na ndege wakiimba hata kama shule iko kando ya karakana ya kuchomelea vyuma.

Najua madarasa yetu yamejaa. Mazoezi haya hayahitaji vitabu wala projekta. Makundi ya watu wanane yanatosha, na mmoja akichora ramani ya hadithi kwa chaki sakafuni, kisima hapa, pango pale, hata wale wasiopenda kuongea wanaanza kunyoosha vidole.

Mtihani usiupuuze. Kwenye majaribio ya darasani, badala ya "eleza mandhari ya hadithi hii", uliza: "Taja tukio moja ambalo lisingewezekana kama hadithi hii ingetokea mahali pengine au wakati mwingine, na ueleze kwa nini." Kwenye kusahihisha, alama nyingi ziweke kwenye "kwa nini". Mwanafunzi akichagua tukio ambalo wewe hukulifikiria, lakini sababu zake zinasimama kwa ushahidi wa matini, mpe alama zake zote.